Tawasifu ya utotoni ya Ngũgĩ wa Thiong'o na wahakiki wake: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Mwanza

Tangu mwandishi wa Kenya Ngũgĩ wa Thiong'o alipofariki dunia tarehe 28 Mei 2025, kikundi chetu cha usomaji hapa Mwanza kimekuwa kikipokea maswali mengi kuhusu tawasifu yake ya kwanza. Wengine ni wanafunzi wa vyuo kutoka Nyegezi wanaotakiwa kuandika tahakiki, wengine ni walimu wa sekondari, na wengine ni wasomaji tu walioazima nakala kwa rafiki na kubaki na dukuduku. Tumeyakusanya yanayojirudia. Majibu ni ya mtu mmoja aliyekisoma kitabu hiki kwa upendo, kwa hiyo msomaji asishangae akikuta msimamo.

Mnazungumzia kitabu kipi hasa? Ngũgĩ si ameandika vingi kuhusu maisha yake?

Ndiyo, ameandika vingi, na watu huvichanganya. Hapa tunazungumzia *Dreams in a Time of War*, kilichotoka mwaka 2010. Kinaanzia kuzaliwa kwake Limuru mwaka 1938 na kuishia Januari 1955, anapoingia shule ya sekondari ya Alliance. Kilifuatiwa na *In the House of the Interpreter* cha 2012, kinachohusu miaka ya Alliance, kisha *Birth of a Dream Weaver* cha 2016, kinachohusu Makerere. Shajara yake ya gerezani ilitoka mapema zaidi, mwaka 1981, baada ya kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa kuanzia mwisho wa 1977 hadi Desemba 1978.

"Vita" vinavyotajwa kwenye jina la kitabu ni vipi?

Ni viwili, na vyote vimepita ndani ya boma moja. Cha kwanza ni Vita Kuu ya Pili, ambavyo wazee wetu wa kandokando ya ziwa waliviita vita vya Hitla. Kaka yake wa mama mwingine, Kabae, alikwenda kupigana upande wa Waingereza katika jeshi la Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la kikoloni la askari wa Afrika Mashariki. Cha pili ni vita vya Mau Mau, baada ya serikali ya kikoloni kutangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Safari hii aliyeondoka ni kaka yake wa tumbo moja, Wallace, ambaye kila mtu alimwita Good Wallace. Huyu aliingia msituni kupigana na Waingereza walewale.

Hapo ndipo uzito wa kitabu ulipo. Baba mmoja, watoto ishirini na wanne, wake wanne, na ndani ya ukoo huohuo kuna aliyevaa sare ya mfalme wa Uingereza na kuna anayewindwa na askari wa mfalme huyo. Msomaji wa Mwanza ambaye babu yake alipelekwa kupigana Burma haelezwi hili mara mbili. Wazee waliorudi kutoka kule walikuta kipande kilekile cha ardhi, kodi ileile, na mkuu wa wilaya yuleyule.

Kwa jumla wahakiki walikipokeaje?

Walikipokea vizuri sana. Wahakiki wa Marekani na Uingereza walisifu mambo matatu zaidi ya mengine. La kwanza ni jicho la mtoto: mambo makubwa ya historia yanaonekana kwa kimo cha kijana anayefikiria chakula, masomo na safari ya treni ambayo hajawahi kuipanda. La pili ni njaa ya elimu ya mtoto huyo, ambayo ndiyo inayosukuma kitabu chote. La tatu, lililozungumzwa mno, ni utulivu wa sauti. Watu waliomfahamu Ngũgĩ kama mwandishi wa hoja kali, mtu wa kizuizini na uhamishoni, walitegemea kitabu cha hasira. Wakakuta masimulizi ya upole.

Mwaka huohuo wa 2010 jina lake lilikuwa midomoni mwa watu kwenye ubashiri wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, ambayo hatimaye ilikwenda kwa Mario Vargas Llosa wa Peru. Kwa hiyo kitabu kilisomwa na wengi waliokuwa wakijiuliza Ngũgĩ ni nani. Hilo lilikisaidia kupata wasomaji, ila lilifanya baadhi ya tahakiki ziwe utambulisho wa mwandishi kuliko uchambuzi wa kazi yenyewe.

Huo utulivu una maana kwamba ameshasamehe?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na ndipo ninapotofautiana na wahakiki wengi walioridhika kusema kitabu hakina uchungu kisha wakapita.

Tazama kisa cha ardhi ya baba yake. Thiong'o wa Ndũcũ alinunua ardhi kwa taratibu za kienyeji: malipo ya mifugo, makubaliano ya mdomo, mashahidi wakiwapo. Baadaye ardhi hiyohiyo ikauzwa kwa mtu mwingine, mtu wa kanisa, aliyekuwa na hati ya maandishi. Kesi ilipofika mbele ya sheria za kikoloni, karatasi ilishinda mashahidi. Mwenye ardhi akageuka mpangaji kwenye ardhi aliyoilipia. Ngũgĩ anakisimulia kisa hiki bila kupaza sauti hata kidogo, na baada ya hapo msomaji anaanza kuelewa kwa nini mtoto wa nyumba ile alitamani kujua kusoma na kuandika kuliko kitu kingine chochote.

Sasa unganisha mambo hayo mawili. Familia ilipoteza mali yake kwa sababu ushahidi wake haukuwa umeandikwa. Miaka zaidi ya sitini baadaye mtoto anauandika. Anataja majina, anataja mahali, anataja nani alikuwapo na nani alisema nini. Anazungumza kama shahidi aliyesimama mbele ya baraza la wazee, ambaye anajua kuwa akifoka atakatishwa, na akisema taratibu atasikilizwa mpaka mwisho. Kwangu mimi huo ndio utulivu wa kitabu hiki. Ni ushahidi uliocheleweshwa, na shahidi anauheshimu kiasi cha kutouchafua kwa makelele. Anayeuita msamaha hajasoma ukurasa ambapo wanakijiji wanasimulia barabarani, mwezi wa nne mwaka 1954, habari za mtu aliyechoropoka mikononi mwa polisi huku risasi zikimfuata. Kijana ana njaa, anatembea kurudi nyumbani, anasikiliza kama anavyosikiliza hadithi nyingine yoyote. Anafika nyumbani ndipo anajua kuwa mtu huyo ni Wallace, kaka yake. Hakuna sentensi ya kulaani mahali pale. Sentensi ya kulaani ingemwondolea msomaji mzigo, na Ngũgĩ hakutaka kumwondolea.

Nimesoma malalamiko kwamba anakatiza hadithi kwa vipande vya historia. Ni kweli?

Ni kweli kwamba kuna vipande vya historia, na wapo wasomaji wanaoona vinamkimbiza mtoto na kumleta profesa. Katikati ya maisha ya boma unaweza kukutana na maelezo kuhusu shule huru za Wagikuyu, kesi ya Jomo Kenyatta kule Kapenguria, au historia ya ardhi za Limuru. Msomaji anayetaka kukaa na mtoto wakati wote ana haki ya kuchoka.

Lakini angalia ni nani anayezileta habari nyingi za kesi ya Kapenguria. Ni Ngandi, msimulizi wa kijijini, ambaye anachanganya yaliyoandikwa gazetini, yaliyosikika, na yaliyotamaniwa na watu. Kijana anazipokea zote kama habari moja. Ngũgĩ anatuonyesha namna taifa lilivyokuwa likijisimulia lenyewe wakati ambapo magazeti na redio vilikuwa mikononi mwa serikali. Mtu yeyote aliyekulia mwaloni Kirumba au kwenye kisiwa chochote cha ziwa hili anajua namna habari inavyobadilika ikivuka na boti, na namna ambavyo bado inabeba ukweli fulani. Sehemu za Ngandi ni kati ya bora katika kitabu chote. Zile nyingine, ambapo mwandishi anaeleza mwenyewe tarehe na sheria, ni kavu zaidi, na hapo wanaolalamika wana hoja.

Mbona aliandika kwa Kiingereza, wakati alishaapa kuacha?

Swali hili huulizwa kwa ukali, hasa na walimu wa Kiswahili. Mwaka 1986, katika *Decolonising the Mind*, alitangaza kuwa kitabu kile ndicho kwaheri yake kwa Kiingereza, na kwamba kuanzia hapo ni Kigikuyu na Kiswahili moja kwa moja. Riwaya alizoandika baada ya hapo kweli ziliandikwa kwanza kwa Kigikuyu, ikiwemo ile kubwa ya *Mũrogi wa Kagogo*. Lakini tawasifu zake hizi ziliandikwa kwa Kiingereza.

Naona ni pengo, na sioni sababu ya kulifunika. Mama yake, ambaye ndiye nguzo ya kitabu, hakujua kusoma lugha yoyote, achilia mbali Kiingereza. Ushahidi ninaousema hapo juu umewekwa katika lugha ya mahakama iliyomnyang'anya baba ardhi. Anayetaka kumtetea atasema kwamba ushahidi hupelekwa pale ambapo kesi iliamuliwa, na hoja hiyo ina uzito. Ila sisi wasomaji wa Kiswahili, ambao tulitajwa kwa jina katika ahadi ile ya 1986, tuna haki ya kuuliza lini zamu yetu itafika. Riwaya kama *Shetani Msalabani* zilitufikia kwa Kiswahili na zikapata wasomaji wengi. Tawasifu hii inastahili hivyohivyo.

Je, yote aliyosimulia ni kweli? Anakumbukaje maneno ya watu baada ya miaka sitini?

Hakuna mwandishi wa tawasifu anayekumbuka mazungumzo neno kwa neno. Jambo la kufurahisha zaidi ni kulinganisha tawasifu na riwaya yake ya kwanza kuchapishwa, *Weep Not, Child* ya 1964. Katika riwaya kuna Njoroge anayepelekwa shule na mama, kuna kaka aliyerudi kutoka Vita Kuu ya Pili na kisha kuingia msituni, kuna baba aliyepokonywa ardhi. Ukisoma tawasifu baada ya hapo unaona malighafi ilivyokuwa. Ndugu wawili wa kweli, yule wa Keya na yule wa msituni, kwenye riwaya wamekuwa mtu mmoja anayeitwa Boro.

Wahakiki kadhaa walifurahia kugundua hivyo na wakakitumia kitabu kama ufunguo wa riwaya. Ni kazi halali, lakini inakifanya kitabu kiwe mtumishi wa vitabu vingine. Kisome kwanza kwa ajili yake chenyewe.

Kwa nini mnamzungumzia sana mama yake?

Kwa sababu bila yeye hakuna kitabu. Wanjikũ alikuwa mke wa tatu. Mwaka 1947 alimuuliza mwanawe kama angependa kwenda shule, akamwekea sharti: asitoroke kwa sababu ya njaa wala shida, na kila wakati afanye kwa uwezo wake wote. Ada ilitoka kwenye jasho lake la shambani. Mtoto akirudi na alama nzuri, mama hakushangilia. Alimuuliza kama hapo ndipo mwisho wa uwezo wake. Hata alama zote mia zilikutana na swali lilelile.

Mambo ya baba yalipoharibika, mifugo ikaisha na heshima ikapungua, hasira zake zikamwangukia mkewe. Alimpiga. Mama akaondoka kurudi kwa baba yake, na baadaye watoto nao wakafukuzwa na baba wamfuate. Ngũgĩ ameyaandika haya waziwazi. Tahakiki nyingi zilitaja jambo hili kwa sentensi moja kisha zikakimbilia Mau Mau, kana kwamba vita ni vile tu vyenye bunduki. Katika vikao vyetu ni akina mama wanaorudi kwenye kurasa hizi tena na tena. Mama mmoja, mwalimu mstaafu, alituambia kwamba yeye huhesabu vita vya kitabu hiki kuwa vitatu. Nakubaliana naye kabisa.

Kuna jambo jingine hapa. Ngũgĩ anaonyesha vizuri jinsi ukoloni ulivyomvunja baba kabla baba hajaivunja nyumba yake, lakini haitumii sababu hiyo kumsafisha. Baba anabaki na alichokifanya. Waandishi wengi wa kizazi chake walishindwa kulisema hili kuhusu wazazi wao wenyewe.

Kitabu cha Limuru kinatuhusu nini sisi wa Kanda ya Ziwa?

Kuhusiana kwa kwanza ni kwa wakati. Mwaka uleule wa 1954 ambao Wallace alikuwa akikimbia risasi, huku kwetu TANU ilikuwa imezaliwa Julai, na mwishoni mwa mwaka serikali ya kikoloni ikakataa kuandikisha matawi yake Usukumani, zuio lililodumu hadi 1958. Hofu ya Waingereza kuhusu yaliyokuwa yakitokea Kenya iliathiri namna walivyotutazama. Yeyote mwenye mzazi au babu aliyeyaona maandamano ya Mwanza na Geita ya 1958 anaweza kukisoma kitabu hiki na kalamu mkononi, akiandika pembeni ya ukurasa yale ya nyumbani kwao.

Pili ni kwa maandishi. Kisiwani Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza kuandika riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, vita vikiwa mwishoni, kwa lugha ya Kikerewe. Wachapishaji hawakuitaka kwa sababu wasomaji wa Kikerewe ni wachache. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, naye mwana wa Ukerewe, ilitoka mwaka 2002. Nalitaja hili kila mtu anapozungumzia mapokezi ya Ngũgĩ, kwa sababu wote wawili walibeba dunia ya kijiji cha kale hadi kwenye karatasi, na mmoja alipata tahakiki mijini London na New York ndani ya wiki chache, huku mwingine akingoja miaka thelathini na mitano kabla kazi yake haijawa kitabu. Ubora hautoshi kueleza tofauti hiyo. Lugha, wachapishaji na jina vina mkono mkubwa ndani yake.

Na Makerere alikosoma baadaye ni ng'ambo tu ya ziwa hili.

Kilishinda tuzo?

Kilichoingia kwenye orodha ya mwisho ya tuzo kubwa ni cha pili, *In the House of the Interpreter*, katika tuzo za chama cha wahakiki wa vitabu wa Marekani kwa vitabu vya 2012, upande wa tawasifu. Watu wengi huzihamishia sifa hizo kwenye kitabu cha kwanza. Ukikuta kosa hilo kwenye kazi ya mwanafunzi wako, msahihishe.

Kijana wa kidato cha tatu anaweza kukisoma?

Anaweza. Kiingereza chake ni chepesi na sura zake si ndefu. Kuna jando, kuna kipigo, kuna vifo. Mzazi au mwalimu awe karibu kwa mazungumzo.

Nina kazi ya chuo: niandike tahakiki gani?

Usianze na sifa zilizochapwa kwenye jalada la nyuma. Wanafunzi wengi huzigeuza Kiswahili, wakaongeza "dhamira" na "wahusika", wakafunga. Chagua tukio moja na ulikalie. Kwa mfano, safari ya Januari 1955: kijana amefaulu kwenda shule bora ya Waafrika nchini, lakini anazuiwa kupanda treni ya abiria kwa kukosa kibali cha kusafiri, mwishowe anasafirishwa kwa kufichwa kwenye treni ya mizigo. Kumbuka kwamba mwaka 1947 aliwahi kuachilia nafasi ya kupanda treni ili asikose kuanza shule. Jiulize kwa nini mwandishi amesubiri mpaka mwisho kumpa treni, na kwa nini amempa hiyo ya mizigo. Ukilijibu swali hilo kwa kurasa tano kwa uaminifu, utakuwa umefanya kazi ambayo tahakiki nyingi za magazeti hazikuifanya.

Kisha linganisha na tawasifu ya Shaaban Robert, *Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini*. Shaaban Robert, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, naye anaandika kwa sauti ya upole, na naye wahakiki wamebishana kuhusu alichokinyamazia. Ukiziweka sauti hizo mbili pamoja utaona kwamba upole wa Shaaban Robert unaelekea kwenye mafunzo kwa wanawe, wakati wa Ngũgĩ unaelekea kwenye ushahidi. Sijaona mtu wa hapa kwetu aliyeliandika hili kwa kirefu. Liandike wewe.

Baada ya hiki nisome kipi?

Nenda moja kwa moja kwenye *In the House of the Interpreter*. Kinaanza na kijana anarudi likizo ya kwanza kutoka Alliance, na anapofika anakuta kijiji chao kimebomolewa chote, watu wamehamishiwa kwenye kijiji cha ulinzi wa serikali. Ukikifungua, soma sura ile ya kwanza kwa mkupuo mmoja. Kama huna nakala, ulizia Maktaba ya Mkoa, na wasipokuwa nacho waombe wakiagize. Maombi ya wasomaji wengi huwa yanasikilizwa kuliko ya mmoja.